Mpwa wa Mwenyekiti Apewa Tezo

Mabeshte, Makongeni nzima hakuna anayechonga ndovu kunishinda. Hata ndovu wenyewe wanajua!

Leo wageni walikuja ukumbini kuona vinyago vyetu, wakiridhika watujengee karakana.

Mwenyekiti wa mtaa akainua ndovu wangu. "Huyu amechongwa na mpwa wangu."

Eti nini?

Nikamkabidhi huyo mpwa, aliyesimama kando yake, tezo yangu ya kuchongea mbele ya watu wote. "Haya fundi, chonga hata sikio tu."

Jamaa akaishika makali yakimtazama yeye!

Watu wakavunjika mbavu. Mwenyekiti jasho tiririri. Semeni kweli, hakustahili?

Lakini wageni wakafunga madaftari. "Waongo hatuwasaidii." Wakaenda.

Karakana ndiyo hiyo imeenda, na anayechongea bado jikoni kwa mamake ni mimi.