Filamu Ambayo Mama Mkubwa Aliisimulia Mpaka Mwisho

Kabla sijaiona ile filamu kwa macho yangu, nilikuwa nimeshaiogopa miaka kumi nzima. Sisi tunaoanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye mchanga wa ufukweni hapa Baraka tuliijua kwa mdomo wa mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyeitazama zamani za ukimbizi, kambini Tanzania, ndani ya kibanda cha video kilichozungushiwa maturubai. Kwetu hakuna mwingine aliyeiona. Kwa hiyo filamu ilikuwa mali yake, kama vile mtu anavyokuwa na mbuzi.

Aliisimulia wakati wa kugeuza samaki. Bamama, wanawake wenzake wa ufukweni, walisogeza mafungu yao karibu na yake ili wasikie. Kuna mmoja alimdanganya mumewe kwamba mchanga wa upande wetu unakausha upesi zaidi, na mume akaamini, na mchanga ni ule ule mmoja kutoka mwanzo wa ufukwe mpaka mwisho.

Filamu yenyewe ni hivi. Kuna mjane wa Kizungu, mlemavu, anakaa kwenye kiti cha magurudumu katika nyumba kubwa kando ya ziwa la baridi. Anapokea wageni wa kulala. Kila asubuhi ngazi inakutwa na nyayo za maji, zinapanda juu, hazishuki. Na kila zikionekana, mgeni mmoja hayupo. Kitanda kimetandikwa, viatu viko chini ya kitanda, mwenyewe hayupo. Halafu anafika muuguzi kijana, anamtafuta kaka yake aliyelala pale. Jikoni kuna mpishi asiyesema neno.

Na mwisho? Mpishi ni mtu aliyekufa maji kitambo. Anatoka ziwani usiku, anapanda ngazi, anawachukua wageni waliobakisha chakula kwenye sahani.

Ndiyo, waliobakisha chakula. Mama mkubwa akifika hapo alitutazama sisi watoto mmoja mmoja. Mimi nililamba sahani mpaka nikawa mkubwa. Usiku nikitaka kulala nilipiga hesabu ya bugali niliyobakisha wiki hiyo. Kuhusu yule mjane, mama mkubwa alimsifu kama malaika. Mjane analia, mjane anasali, mjane anamsamehe mpishi na mpishi anarudi majini kwa amani. Yeye mwenyewe ni mjane, lakini mimi wakati huo sikuweka hayo mambo mawili pamoja.

Sasa niko darasa la nne la sekondari, na ninajulikana shuleni kwa kazi moja: kuiga. Naweza kutembea kama prefe wetu, mkuu wa shule, tumbo mbele, funguo zikilia. Mwezi uliopita niliigiza ufukweni, bamama wakacheka mpaka ndagala zikakanyagwa. Mama mkubwa hakucheka. Alikwenda shuleni kwa miguu yake, akamweleza prefe mwenyewe yote, hata ile sehemu ya funguo. Nilifagia madarasa yote sita siku tano. Kwa hiyo nilikuwa namdai kisasi moyoni.

Siku ya Ijumaa nilipita kwa kijana anayechaji simu na kunakili filamu karibu na soko. Nikamkuta anatazama kitu. Nikaona ngazi. Nikaona maji kwenye ngazi.

Nikapiga kelele. Akaruka.

"We mutoto, unataka kuniua?"

"Hiyo ni filamu ya mama mukubwa!"

"Ya mama yako namna gani? Ni mupya. Imetoka juzi. Wamerudilia ile ya zamani, imeandikwa hapa mwanzo."

"Mwisho wake mupishi ni mufu, sivyo?"

Akanitazama kama mtu anayetazama kuku aliyevaa kofia. "Mupishi? Hapana. Haiko vile kabisa. Ukitaka, nakuwekea kwenye fleshi, lakini sikuambii."

Nilimbembeleza, nikamtishia, nikaahidi kumletea samaki. Hakusema. Nilitembea kurudi nyumbani nimeibana fleshi mkononi. Ningeweza kuitazama peke yangu jioni ile. Lakini nilifikiria bamama wote wamekaa, mama mkubwa katikati na utemi wake wote, halafu filamu inafika mwisho na inamkana mbele yao. Utamu huo hauliwi peke yako.

Jumapili baada ya ibada, sebule ya mama mkubwa ilijaa. Yeye ana televisheni na paneli ya jua juu ya bati. Tuliziba madirisha kwa vitenge ili kiza kiingie. Bamama walikuja bado na nguo za kwaya. Alikuwepo pia yule mama wa Ubwari anayetuletea samaki kwa mtumbwi, mwenye sauti inayofika ng'ambo kabla yake. Alikuwa ameahirisha kurudi kwao kwa ajili hiyo.

Filamu ilikuwa kwa Kifaransa. Ndani ya chumba kile, mwenye Kifaransa ni mimi. Kifaransa changu kinatosha kuomba ruhusa ya kwenda chooni na kujua mwalimu amekasirika kiasi gani. Lakini kambini, mama mkubwa alitueleza, kulikuwa na mtu anasimama kando ya picha na kipaza sauti, anageuza maneno yote kwa Kiswahili, na ndiye watu waliyemwamini kuliko picha. Basi nikapewa kiti kando ya televisheni. Nikakohoa kama prefe. Mama mkubwa akanikata jicho.

"Anza."

Nikaanza. Nyumba ni ile ile. Ziwa ni lile lile, kijivu. Mjane kwenye kiti chake akatokea, na mama mkubwa akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyemwona jirani wa zamani sokoni.

"Huyu ni kijana sana," alisema. "Wa kwanza alikuwa muzee kidogo. Lakini ni yeye."

"Anasema nini?" akauliza mama wa Ubwari.

"Anawakaribisha wageni," nikasema. "Anasema chakula kiko tayari."

Hakusema vile. Alisema kitu kuhusu mvua, nadhani. Lakini nilitaka habari ya chakula iingie mapema, ili mama mkubwa apande juu zaidi kabla ya kuanguka. Na alipanda. Kila kitu kilipotokea kama alivyosimulia, aligeuka kuwatazama bamama. Nyayo kwenye ngazi: "Niliwaambia!" Viatu chini ya kitanda: "Niliwaambia!" Mgeni mnene akasukuma sahani yake bado na viazi, bamama wote wakamzomea kwa pamoja, na mmoja akaziba macho, "Huyu amekwisha." Kweli akaisha. Hata mimi nikaanza kuwa na wasiwasi. Je, kama yule kijana wa fleshi alinitania tu?

Ndipo udadisi ukanishika vibaya. Nikasahau prefe, nikasahau ufagio. Nilitaka kujua. Kwa nini nyayo zinapanda na hazishuki? Miaka kumi niliambiwa ni mfu, na mfu halazimiki kueleza jinsi anavyoshuka. Lakini muuguzi kwenye picha hakukubali. Alipiga magoti kwenye ngazi na taa, akagusa unyayo kwa kidole, akanusa kidole, akasema neno moja.

"Ananusa nini?" mama wa Ubwari akauliza.

"Sabuni," nikasema. Hapo sikudanganya. Neno hilo hata mimi ninalijua.

"Mufu anaogaka na sabuni?"

Nikamtazama mama mkubwa, nione kama ameanza kutafuta mlango. Hakuwa anatafuta mlango. Alikuwa ameinama mbele, mikono katikati ya magoti, mdomo wazi. Hakugeuka tena kwa bamama. Hakusema tena "niliwaambia." Alitazama kama mimi nilivyotazama, kama mtu asiyejua kitu kinachokuja.

Nikaelewa kabla picha haijafika. Mama mkubwa hakuwahi kuiona hii sehemu.

Halafu ikafika. Muuguzi amejificha nyuma ya pazia juu ghorofani. Mlango wa chumba cha kuogea unafunguka, na anayetoka ni mjane. Kwa miguu. Anatembea vizuri kuliko mimi. Miguu yake inachuruzika maji, na anaanza kushuka ngazi kinyumenyume, polepole, mkono kwenye ukuta, akiacha nyayo zinazoonekana zinapanda. Chini, anapangusa miguu yake kwa taulo, kidole kwa kidole, anakaa kwenye kiti chake na kujifunika blanketi.

Sebule ililia kwa mayowe. Hata mimi nililia, na mimi ni mutafasiri, sina ruhusa. Mama mmoja wa kwaya alipanda juu ya kochi na viatu.

"Mujane!" mama wa Ubwari akapiga kelele. "Ndiye mujane! Anazamisha batu kwenye maji ya kuoga!" Akamgeukia mama mkubwa. "Dada, na mupishi wako aliyekufa iko wapi?"

Hii ndiyo dakika niliyoingoja tangu Ijumaa. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi nikioga. Nikafungua mdomo. Kwenye picha, mjane alikuwa ameanza kuongea na muuguzi, maneno marefu, machozi yakimtoka, na bamama wote wakanigeukia kusikia.

"Anasema," nikaanza, "anasema si yeye. Anasema... ni mupishi ndiye anamulazimisha. Mupishi ni mufu. Anamwingia mwilini usiku."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Picha ilikuwa inaonyesha mpishi mwenyewe mlangoni, mzima kabisa, na kikaango mkononi.

"Wee!" Ilikuwa sauti ya mama mkubwa. Alisimama. "Simamisha. Rudisha nyuma."

Nikarudisha.

"Sasa tafasiri vizuri. Usinipe ya kwangu. Ile mwisho mimi sikuionaka."

Nje kuku alikuwa akitangaza yai. Mama wa Ubwari alikuwa ameshika shavu.

"Haukuionaka?"

"Sikuionaka. Nilitoka." Akaninyoshea kidole mimi, kwenye kiti changu cha heshima. "Juu ya huyu! Mama yake alikuwa kwenye mustari wa chakula, akaniachia yeye mugongoni. Mbele tu ya mwisho, kila mutu amenyamaza, huyu akaanza kulia. Mutoto wa kike lakini sauti ya ng'ombe! Batu bakasema toa huyo, toa. Bakanisukuma inje. Nikaweka sikio kwenye turubai. Nikasikia banaume bote bamepiga kelele mara moja. Basi. Bakatoka. Nikauliza mmoja, akasema, mama, bahati yako. Nikaona haya kuuliza mwingine."

"Na bugali?" mama wa Ubwari akasema. "Ya kubakisha bugali ilitoka wapi?"

"Hawa batoto balikuwa banamwaga chakula."

"Mie nimelisha mume wangu kwa nguvu miaka yote juu ya ile mupishi!"

Akaanza kucheka yeye kwanza, mama wa Ubwari, kicheko kile cha kuvuka maji, na wengine wakafuata, na nikaona mama mkubwa anasubiri kuona ni kicheko cha namna gani. Kilikuwa cha kawaida. Hata hivyo hakukaa. Alibaki amesimama mbele ya televisheni na kitambaa chake cha kwaya kimeenda upande.

"Tafasiri," akaniambia.

Nikatafsiri nilivyoweza. Kwamba mjane alipoachwa peke yake hakuna aliyemtembelea, ila alipoonekana hawezi kutembea ndipo watu wakaja. Kwamba mgeni akitaka kuondoka, yeye hawezi kuvumilia. Pale nilipokosa neno nilisema nimekosa neno. Hakunikaripia hata mara moja. Polisi walikuja, mjane akakataa kusukumwa kwenye kiti, akatoka nje kwa miguu yake, na theluji ikaonyesha nyayo zake, za kawaida.

Bamama walianza kutafuta kandambili zao wakibishana. Wengine walisema mwisho wa mama mkubwa ni mzuri zaidi, una mafundisho. Mama wa Ubwari alisema pengine Wazungu wamebadilisha, pengine katika ile ya zamani mpishi ni mfu kweli. Nani anajua? Nilimtazama mama mkubwa. Alikuwa analifikiria hilo kwa uzito, kama mtu aliyepewa ndimu aijaribu.

Nikanyosha mkono nizime.

"Acha!" akasema. "Bado beko banaandika."

Yalikuwa majina, yale meupe kwenye weusi, yanayopanda na muziki. Akavuta kiti, akakaa karibu mpaka pua yake ikawa inakaribia kioo.

"Soma. Nani na nani?"

"Ni wafanyakazi tu, mama."

"Soma."

Nikasoma. Wa taa. Wa nguo. Wa kushona mapazia. Wa kupaka watu rangi ya uso. Msaidizi wa wa taa. Aliitikia kila mmoja kwa kichwa.

"Na mwenye kumwaga maji kwenye ngazi?"

"Hajaandikwa bado."

"Angalia vizuri. Lazima kuna mutu. Kila siku maji, kila siku miguu imepimwa sawasawa. Hiyo si kazi ndogo."

Nikasogeza kiti changu karibu na chake, tukaendelea kumtafuta.