Chupa Sita za Fancy Katika Friji ya Jebet

"Hiyo njaa yako usiiweke na maziwa yangu! Watu wakinywa wasishibe, nitawaambia nini?"

Saa saba mchana, Jumamosi. Jebet, muuza maziwa lala wa mtaa wa Bondeni, Nakuru, ameziba mlango wake, mikono kiunoni. Mbele yake jirani yake, Nasimiyu, amekumbatia kasha la barafu kama mtoto mchanga. Wapangaji wa ploti nzima wametoka kusikiliza.

"Mama Kigen, si njaa," Nasimiyu anamwambia Jebet. "Ni damu ya sungura tu."

"Damu! Afadhali ungeniambia ni njaa."

Watu wanacheka. Nasimiyu hacheki. Kwa Jebet stima ipo, lakini imepotea kwenye maabara anakofanya kazi Nasimiyu, jenereta imekataa kuwaka, na barafu inayeyuka.

Kwa miaka tisa Nasimiyu, 41, amelisha sungura wa maabara hiyo. Mshahara ni Sh18,000 kwa mwezi. Watafiti wanachunguza kipokezi cha homoni ya njaa. Tumbo likiwa tupu hutuma homoni hiyo hadi kwenye ubongo, na kipokezi ndicho mlango inakobisha hodi. Sungura akichanjwa kwa kipande cha mlango huo, damu yake hutengeneza kingamwili zinazoutambua na kuugandia, na hapo watafiti wanaweza kuuona.

Kati ya sungura kumi na wawili, mmoja tu, Fancy, ndiye aliyetoa kingamwili zilizofaa. Alikufa mwezi jana kwa uzee. Zimebaki chupa sita za damu yake, zote ndani ya kasha hilo.

"Zikiharibika, utafiti umekwisha, na kazi yangu pia," anasema Nasimiyu.

"Kwani zinasaidia nani?"

"Wagonjwa wanaokataa chakula. Watafiti wanataka kujua mbona njaa imewahama."

Jebet anashusha mikono kutoka kiunoni. Mamake kule Keringet anasukuma sahani kando tangu augue.

"Si ungeanza na hiyo?" Anaingia, anatoa mitungi yote ya maziwa. "Zikae peke yao. Bado siziamini."

Saa kumi stima inarudi maabara. Mtafiti, Daktari Kemboi, anafika na kutazama kipimajoto ndani ya friji. Digrii nne.

"Ziko sawa kabisa."

Nasimiyu anaketi kizingitini, anavua viatu, anacheka mpaka machozi. Januari anapanga kuanza kozi ya ufundi wa maabara. "Nataka nione huo mlango kwa macho yangu. Nimeulishia sungura miaka tisa!"

Ndani, Jebet anageuza ugali wa sufuria kubwa.

"Maziwa yamekaa kwenye joto kwa saa tatu, nani atanunua? Yataisha leo. Nasimiyu, lete huyo daktari wako, asisimame hapo kama askari. Na nyinyi mliokuwa mnacheka, ingieni tule."