Namba Aliyoifuta Baba

Baba yangu alikuwa na macho ya kusoma ng'ombe. Kundi likipita mbali, mimi nikiona vumbi tu, yeye alikwisha kukwambia yule ni wa ukoo gani, yule amenunuliwa juzi, na yule mwenye sikio lililokatwa mara mbili kapotea na mwenyewe anamtafuta. Kwetu, pande za Nyamuswa, kila ukoo ulikuwa na mkato wake wa sikio na chapa yake ya moto. Ng'ombe akihama zizi, aliyemnunua aliweka alama yake. Asiyefanya hivyo alijitafutia kesi.

Basi miaka michache baada ya Uhuru, pamba ilipomtendea wema, baba alinunua pikapu kuukuu kwa mwenye duka mmoja wa Musoma, na akafanya ambalo mfugaji yeyote mwenye akili angelifanya. Aliingia uvunguni, akaikagua kama mtamba, akakuta tarakimu zimechongwa kwenye chasisi, kile chuma kirefu kinachobeba bodi. "Huyu wa dukani naye ana chapa ndefu!" akasema. Akaleta tupa, akasugua mpaka chuma kikang'aa, halafu akachukua tindo na kuchonga pale pale alama ya ukoo wetu, mistari miwili na kitone. Mama alimpelekea uji huko huko uvunguni. Jioni majirani wakaja kutazama, wakakubaliana kwamba sasa gari ni lake kweli.

Mimi sikuzaliwa na baba huyu. Mama aliolewa naye akiwa amenibeba mgongoni. Baba akatoa ng'ombe, na kwetu ng'ombe wakishatoka maneno yamekwisha, mtoto ni wa mwenye ng'ombe. Nililijua jambo hilo kwa sababu shangazi mmoja aliniropokea nikiwa darasa la pili, na baba alimpiga marufuku kukanyaga kwetu kwa muda mrefu sana. Nilipomuuliza mama nimetoka wapi, alinijibu bila kuacha kupepeta, "Muulize aliyetoa ng'ombe."

Aliyetoa ng'ombe hakuulizika. Alinipenda mno, na hilo ndilo lililonifunga mdomo. Alinipeleka shule wakati wenzangu wanaozwa. Aliniita mama, kwa kuwa alinipa jina la mama yake mzazi. Kila tulipokula samaki alinimegea tumbo la kambare kutoka upande wake, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye mshahara. Utamuulizaje mtu kama huyo habari za baba mwingine?

Nikawa mwalimu. Vijiji vya ujamaa vikaanzishwa, tukahamia kwenye mstari wa nyumba mpya zinazotazama barabara, na mwalimu mwenzangu, kijana wa Nyegina, akatuma wazee wake kwetu. Walipokewa vizuri. Mkubwa wao, mzee mpole mwenye kikohozi, akauliza swali ambalo kila mposaji huuliza: binti ni wa damu ya ukoo gani? Hakuwa na ubaya. Watu wa damu moja hawaoani, na mahari haipokewi mpaka hilo lijulikane.

"Ni damu yangu," baba akasema.

"Tunajua ni wako, mzee. Sisi tunauliza damu."

"Nimeshasema."

Wakamaliza togwa yao, wakaaga. Mchumba wangu akaniambia kwamba wazee hawatarudi mpaka wapate jibu. Nililia, kisha nikakasirika, na hasira zangu mimi ni za kimya. Nilimwekea baba chakula bila kumtazama usoni, nikamjibu "ndiyo" na "hapana" kama karani wa ofisi ya bwana shauri. Alikonda mbele ya macho yangu, nami nikaona vema akonde.

Tukiwa katika hali hiyo likaja tangazo kwamba magari yote yapelekwe Musoma yakakaguliwe. Baba akaniomba nimsindikize. Nilikubali kwa sababu niliapa nitamuuliza njiani. Njia nzima nikahesabu nguzo za simu na sikuthubutu.

Mkaguzi wa magari alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi vizuri. Akajiingiza uvunguni kwa taabu. Alipotoka, uso ulikuwa umekunjamana.

"Mzee, namba ya chasisi iko wapi?"

"Namba ipi?"

"Tarakimu zilizochongwa huku chini. Zimesuguliwa."

"Aa, hizo! Nilizitoa mimi mwenyewe," baba akasema kwa fahari. "Nikaweka ya kwangu. Umeiona?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mkaguzi alinitazama mimi, akamtazama baba.

"Mzee wangu, mtu anayefutaga namba ya gari ni mwizi."

Neno hilo halikuwahi kutajwa karibu na jina la baba. Katika nchi ya ng'ombe huwezi kumtupia mtu neno zito kuliko hilo. Kile kinyongo changu chote kikayeyuka, nikasogea nikasimama ubavuni pake.

"Mimi nimenunua," akasema. "Ng'ombe ukimnunuaga unamwacha na alama ya mwingine? Anayeacha ndiye mwizi, si mimi!"

Mkaguzi aliuma midomo. Nadhani naye alikulia zizini, maana alielewa palepale, akawa anapigana na kicheko. Akafungua boneti. Kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini, chini ya grisi ya miaka, palikuwa na kibati kidogo ambacho baba hakuwahi kukiona. Mkaguzi akakifuta kwa kitambaa chenye petroli, tarakimu zikajitokeza moja moja. Akazilinganisha na kadi ya gari. Zilikuwa zile zile.

"Sogea, mzee. Na wewe mwalimu, sogea. Hizi tatu za mwanzo zinasema ni gari ya namna gani. Bodi ndefu au fupi, injini ipi, usukani uko upande gani, kama ilitengenezwa ibaki kwao au ipelekwe nje. Hizi zinazofuata zinasema ni ya ngapi kutoka kiwandani. Hii herufi ya mwisho ni toleo. Wakibadilisha kitu kikubwa wanaongezaga herufi. Ukiagiza spea bila hizi, wanakuletea ya gari nyingine."

Baba akaguna. Ndiyo maana kila spea aliyoagiza Mwanza iligoma kuingia, naye akawa anawalaumu wauzaji kwa ujeuri wa mjini.

"Na jina la yule wa dukani liko wapi hapo?" akauliza.

"Halipo. Hii haisemagi gari ni ya nani. Inasema ilizaliwa wapi, ikazaliwaje. Hata iuzwe mara kumi, inabaki hiyo hiyo."

"Na mwenye gari?"

"Si wewe? Kadi yako hii hapa. Hii namba haikunyang'anyi kitu."

"Hainyang'anyi?"

"Hata kidogo, mzee wangu."

Baba akapitisha kidole juu ya tarakimu zile. Mkaguzi akaleta vyuma vyake vyenye tarakimu na nyundo, akaichapa namba upya kwenye chasisi. Baba aliomba isikanyage mistari yake miwili, naye akaichapa pembeni, akatupatia karatasi ya ukaguzi na onyo la kwenda nalo nyumbani. Baba alishukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Tulirudi kwa njia ya Butiama. Mbele kidogo ya pale rejeta ikaanza kuchemka, tukasimama kandokando ya shamba la mihogo tungoje ipoe. Baba alishuka, akaegemea mlango wa upande wangu, mgongo ukinielekea.

"Mama," akaniita. "Aliyekuzaa alikuwa mvuvi, mtu wa Majita. Ziwa lilimchukua ungali tumboni." Akautaja ukoo wake. Akataja na kijiji. "Alikuwa na ndugu zake. Kila msimu wa pamba nilikuwaga nawangojea waje, waseme huyu ni wetu. Nikaona jina lao lisitamkwe kwangu, watasahau. Niliogopa, mama. Sikuwa na sababu nyingine."

Nilimkasirikia baba wakati ule ule nilipotaka kumbeba. Miaka yote nilidhani ananificha jambo la aibu, kumbe alikuwa analinda zizi. Nikamwambia, "Baba, mimi ningeenda wapi?" Alikwenda kuitazama rejeta, na alikaa huko muda mrefu kuliko rejeta inavyodai.

Nikampelekea mchumba wangu habari kwamba jibu lipo, na wazee wa Nyegina wakarudi. Uani palijaa jamaa zetu, na wanawake walikuwa wamejipanga mlangoni wasikie. Mzee mpole akakohoa, akauliza swali lake kwa adabu ile ile. Baba akasimama. Akautaja ukoo wa mvuvi kwa sauti iliyofika mpaka jikoni tulikokuwa mimi na mama, na mama akaacha kukoroga, akafunika mdomo kwa upande wa kanga. Wazee wakanong'onezana, wakahesabu bibi na babu zao, wakasema hakuna udugu, tuendelee.

Lakini baba hakukaa. Nilimwona kupitia upenyo wa mlango, amesimama peke yake kati ya watu walioketi, kofia mkononi.

"Mmesikia damu yake," akasema. "Sasa na mimi nawauliza. Ng'ombe mtawapeleka zizi gani?"

Mzee wa Nyegina alimshangaa, akawageukia wenzake, akamrudia tena.

"Zizi gani tena, mzee? Sisi si tumekuja kwa baba yake?"

Baba akaikunja kofia mikononi, akaikunjua, akabaki amesimama. Mama akatoka jikoni mbele ya wanaume wote, mikono ina unga, akamshika kiwiko, akamkalisha.