Viatu Vilivyoishia Usoni

Aibu hii nawaambia mwenyewe, maana Robi, wifi yangu, ameshaisimulia Gorong'a nzima na anaisimulia vibaya.

Wiki ya harusi ya mwanangu Marwa nilikwenda Sirari, pale mpakani na Kenya, kununua viatu, nikasindikizwa na Robi na wanakwaya wenzetu watatu (kunisindikiza gani, walitaka kutembea tu). Nilikuwa na noti mbili za elfu kumi, nimezifunga kwenye ncha ya khanga. Kabla ya viatu tukapita duka la vipodozi, nikashika kichupa cha sabuni ya maji ya kuoshea uso, kukishika tu, basi yule binti muuzaji akaziangalia kandambili zangu na vumbi lake, akasema taratibu, "Hiyo ni ya bei, mathe."

Mimi kudharauliwa sijazoea. Nikamuuliza bei gani hiyo ya kutishia watu.

"Mia nane."

Mia nane, jamani, kwetu hata kipande cha sabuni ya kufulia hupati, nikacheka mpaka wapita njia wakageuka, nikamwambia fungua hapo hapo, lete na beseni, wenzangu wote wanawe kwa hela yangu. Wakanawa, nikanawa na mimi, povu mpaka masikioni, watu wamejaa mlangoni (na mwenzangu mmoja nikamruhusu arudie). Kisha nikatoa noti moja kwa madaha, nikasubiri chenji.

"Mathe, hiyo ni mia nane ya Kenya. Ya kwenu ongeza noti ingine."

"Kwani wifi," Robi akauliza, amefumba macho kwa povu, "hukujua hapa wanataja hela ya upande ule?"

Nilijua, bwana. Hasira ndiyo ilinisahaulisha. Lakini sikupepesa macho, nikaongeza noti ya pili, na chenji iliyorudi ikatosha nauli tu.

Harusini nikaingia na kandambili zile zile, nimezisugua. Mama wa bibi harusi akanitazama juu mpaka chini. "Mama Marwa, uso unang'aa hivyo, na miguu je?"

"Uso ni wa Kenya," nikamjibu, "miguu ni ya Gorong'a." Nikacheza mbele ya ukumbi mzima, wenzangu wanang'aa nyuma yangu, na sikuona haya hata kidogo.

Siku hizi silipi kitu kabla ya kuuliza ni hela ya wapi. Juzi Robi ananiuzia mayai ya kuku wake, nikamuuliza vile vile. Akaniangalia usoni, akasema, "Chukua tu, wifi. Nilishanawa."