Marahaba ya Mama

Kwanza niliisikia subana. Ilidondoka kwenye sakafu ya saruji, ikabiringika, ikagonga ukuta, ikanyamaza. Nilikuwa bado kitandani, nyuma ya pazia linalogawa chumba chetu, na sauti ile niliijua kama ninavyokijua kikohozi cha mama. Ni kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni sindano isimchome. Kudondoka, ilikuwa ikidondoka kila siku. Kilichonitoa kitandani ni kwamba safari hii hakuna mkono ulioifuata.

Nilipovuta pazia nilimkuta ameketi mkekani, kofia nyeupe mapajani, anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba kuna mgeni aliyeuweka pale akaondoka.

"Shikamoo, mama."

Midomo yake ikaenda upande mmoja. Kilichotoka hakikuwa marahaba. Kilikuwa kitu laini, kimelowa, kama mtu anayeongea na wali mdomoni.

Jirani wa chumba cha pili alikimbia kutafuta bajaji. Tulipofika Mnazi Mmoja, tukiwa tumepenya mikokoteni na meza za machinga, maneno yalikuwa yamesharudi. Mama akamgombeza dereva kwa kurukia mashimo. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja.

Hospitali, daktari alituambia kwamba mshipa wa damu kichwani uliziba kwa muda, kisha ukaachia. Kiharusi kidogo, cha kupita. "Mmebahatika," alisema, "ila hili ni onyo. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, msikae kusubiri yarudi. Njooni hapo hapo." Akampa vidonge vya presha na vya kuzuia damu isigande. Mama alikuwa na swali moja tu.

"Na ganzi ya vidole?"

"Inaweza kuisha. Inaweza kubaki kidogo."

Hiyo kidogo ndiyo tuliyorudi nayo nyumbani.

Mama hushona kofia za kiua. Mchoro wote huwa ni vitundu: kila kimoja hutobolewa kwa sindano kwenye kitambaa cheupe, kisha ukingo wake huzungushiwa uzi mpaka unakuwa mgumu kama mbegu. Kofia moja hula miezi. Kazi hiyo macho huisaidia tu, wanaoifanya hasa ni vidole. Zamani mama aliweza kushona huku anatazama mlangoni, anajibu salamu za wapita njia, anamcheka muuza ndizi. Sasa alikuwa hajui kama sindano iko mkononi mpaka aitazame. Akishona kidogo, anachoka, anaegemea ukuta na kufumba macho. Mara nyingine jina la kitu linamkimbia, anabaki amenyoosha kidole kwenye chujio mpaka mimi nilitaje. Kisha anageuza uso, kama nimemkuta anaoga.

Mimi nami nikapata ugonjwa wangu. Nilianza kumwamkia ovyo. Asubuhi, kama kawaida. Kisha nikirudi kutoka uani. Kisha nikitoka dukani. Kila nikipita: shikamoo, mama. Sikuwa natafuta baraka. Nilikuwa naisikiliza ile marahaba, kama ra yake imekaa sawa, kama ha yake haijalegea. Ikitoka nzima, kifua kinashuka. Baada ya muda mfupi kinapanda tena. Kalamu niliiacha, mimi ambaye kazi yangu ni kuandika, kwa sababu nikikaa kuandika masikio yote huwa upande wa pili wa pazia.

Mchana mmoja nilikuwa napita koridoni na ndoo ya maji, mama ameketi mlangoni petu.

"Shikamoo, mama."

Akavuta mdomo pembeni. "Mawahaa."

Ndoo ilinitoka. Maji yakakimbia mpaka mlango wa jirani. Nilimshika mashavu kwa mikono miwili, nikapiga kelele za kuita bajaji, na katikati ya kelele hizo nikaona macho yake yanacheka.

"We mtoto!" alisema, mdomo umenyooka. "Umenifanya redio? Unanifungua kila saa usikie kama bado napiga?"

Jirani alitoka, kanga kifuani, miguu majini. "Mama naye! Utampandisha mwenzio presha, halafu mgombanie pakiti moja ya vidonge."

"Mwache apande, anione mimi nilivyo huku juu."

Walicheka wote wawili. Mimi nilishindwa. Jirani alipoingia ndani kuchukua tambara, mama aliishika mikono yangu, ikabaki pale pale mashavuni mwake. Kicheko kilikuwa kimeisha.

"Hata mimi najisikiliza," alisema. "Nikiamka, kabla hujaniamkia, najiitikia mwenyewe polepole. Marahaba. Marahaba. Nikisikia iko sawa, ndipo nakohoa, ujue nimeamka."

Kumbe kila asubuhi, nilipokuwa nimelala nikingoja kikohozi kile, na yeye alikuwa upande wake wa pazia, anangoja sauti yake mwenyewe.

Kofia aliyokuwa nayo siku ya subana ilikuwa ya bwana harusi mmoja. Alikataa kuirudisha. Alivaa miwani, akaisogeza karibu na uso, akawa anatoboa kitundu, anapumzika, anatoboa kingine. Nilimwona hivyo siku nyingi. Halafu jioni moja niliona doa kwenye kitambaa. Likafuatiwa na jingine, na jingine, kila alipoweka kidole.

"Mama, damu."

Aliitazama kofia. Aligeuza kidole, akakitazama nacho. Sindano ilikuwa imemchoma mara nyingi pale pale, na sura yake haikuonyesha maumivu yoyote. Ningefurahi angesema "aah."

Alitema mate kwenye uzi, akayasugua madoa, kama washonaji wanavyofanya damu yao inapogusa kazi. Yalififia. Hayakutoka yote. Akaikunja kofia, na sikumwona akiikunjua tena.

Asubuhi iliyofuata alioga mapema, akavaa baibui. Kofia aliifunga kwenye kipande cha kanga. Subana aliiacha juu ya mkeka.

"Naipeleka Kigamboni," alisema. "Shoga yangu ataimalizia."

Shoga huyo walifundishwa kushona pamoja, wasichana wawili kwenye baraza moja. Kwa miaka yote wamekuwa wakitukanana kwa upendo, nani ana mkono mzito.

"Nakupeleka."

"Hunipeleki."

"Basi nikufikishe Magogoni tu, nikuone umepanda pantoni."

"Pantoni ile nimevuka nayo bahari nikiwa na mimba yako, hakuna aliyenishika mkono."

"Na ukizidiwa njiani?"

"Kariakoo yote hii nianguke pasiwe na wa kunidaka? Simu ina chaji. Ukinipigia kila dakika nitaizima."

Nilisimama kati yake na mlango. Nadhani nilikuwa nimenyoosha mikono. Hakukasirika. Aliiweka sawa kola yangu, kwa mkono wa kushoto.

"Ukiwepo, nitamwambia nimemletea kwa sababu kazi zimenizidi. Nikienda peke yangu, nitamwambia ukweli. Nataka nikalie huko, mwanangu. Hapa nimechoka kukuzuia usiogope."

Nikasogea.

Alifungua mlango, na mtaa ukaingia na spika zake na kelele zake za bei. Kwenye kizingiti akasita, mgongo kwangu, na nilijua anangoja nini. Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi ile mara moja, na akaitikia vizuri. Nikauma ulimi.

"Marahaba," alisema, bila kugeuka, herufi zote zikiwa mahali pake. Akatoka, akaurudishia mlango.