Siri ya Nyangeta Niliimwaga Kwenye Sala ya Jumuiya

Nisomeni hadi mwisho ndipo mnitukane. Matusi yenu nayastahili, ila mnicheleweshee kidogo tu.

Mimi ni mama wa makamo, naishi kijiji cha ziwani huku Bunda, na ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikatoliki. Walikuja watafiti wanaotaka kujua watoto wanaumia vipi wanapoona wazazi wakipigana. Wakanichukua niongee na watoto kwa sababu wamenizoea. Tulifundishwa mjini Bunda: alichosema mtoto hakirudi nyumbani kwao. Ukiona hatari, mwambie afisa ustawi wa jamii, basi. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nakunywa soda yao.

Kuna binti wa darasa la nne, nimwite Nyangeta, ingawa si jina lake. Alinifuata kwenye vichanja vya dagaa, akawa anageuza dagaa na mimi. Akaniambia bila kuniangalia.

"Baba anampigaga mama na kasia. Mimi namzibaga mdogo wangu masikio. Usimwambie baba. Na mama usimwambie."

"Sitamwambia mtu, mwanangu."

Mungu wangu, mdomo huu!

Nilijiona najua kuliko wale wa mjini. Afisa wa Bunda angejua nini kuhusu nyumba zetu? Ugomvi wa ndoa sisi tunaumalizia jumuiyani. Na wiki ile zamu ya sala ilikuwa nyumbani kwao Nyangeta. Nikasema huyu ni Mungu kapanga. Mpumbavu mimi!

Tukajaa uani. Baada ya nyimbo nikasimama, nikasema kwa sauti ya kuhubiri, "Tumsifu Yesu Kristo! Kuna mtoto wa nyumba hii amenililia kwa ajili ya mama yake."

Nyumba ile ina mtoto mmoja tu anayejua kuongea. Mdogo wake bado ananyonya.

Baba akapiga magoti. Akalia, akamshika mkewe mkono, akaomba msamaha mbele yetu. Vigelegele! Wengine walilia. Tukala ugali na sato, na yule baba akaniambia, "Asante dada, umeniokolea nyumba." Nilivimba kichwa, sitadanganya. Nyangeta alikuja kuninawisha mikono, uso ameugeuzia pembeni. Nikadhani ni aibu za kitoto.

Wiki iliyofuata nilimkuta mama yake ziwani anafua, jicho limevimba. Nikamuuliza kwani hajaacha?

"Dada, zamani alikuwa akinipiga, anamaliza. Sasa hivi anamkalisha Nyangeta kwenye stuli, anamwambia ahesabu mapigo kwa sauti. Akikosea, baba yake anaanza tena moja. Anamwambiaga hizi zote ni za mdomo wako."

Nilikaa kwenye matope. Yeye akaendelea kufua.

Sasa ndipo nikakumbuka ustawi! Nikampigia afisa, akaja na mtendaji wa kijiji. Yule mama akasema aliteleza kwenye mtumbwi. Wakamuita Nyangeta pembeni, mbali na baba yake, kama inavyotakiwa. Walimbembeleza sana. Akasimama wima, mikono nyuma, kama yuko mbele ya mwalimu.

"Baba hajawahi kumpiga mama. Mimi ni muongo."

Alirudia maneno hayohayo kila alipoulizwa. Kwani angemwamini nani tena? Afisa akaniahidi kurudi. Watafiti waliposikia nilichofanya wakaniondoa kazini, na walifanya vizuri. Hata hilo haliniumi.

Kinachoniua ni siku nilipomkuta kisimani peke yake. Nikapiga magoti, mtu mzima mimi, nikamwambia nisamehe mwanangu. Akaangalia huku na huku, akajitwisha ndoo haraka.

"Nimekusamehe, mama. Ila usimwambie baba kama nimekusamehe."

Jamani! Wewe mwalimu, katekista, shangazi, jirani, ukipewa siri na mtoto usijifanye mchungaji. Usiipeleke kwa wazazi wake, hata kwa maneno matamu, hata kwa sala. Ipeleke kwa mwenye kazi hiyo siku hiyohiyo, kisha funga mdomo. Mimi nilitaka kupigiwa vigelegele, na nilipigiwa.

Wanajumuiya mpaka leo wanaisifia sala ile. Nimewaambia ukweli, wakanijibu nisichimbue yaliyokwisha, yule baba si alilia mbele yetu? Jumapili wametangaza zamu, imerudi kwenye nyumba ileile. Baba yake Nyangeta mwenyewe amekuja kwangu, anacheka, ameniletea sato wawili. Anaomba niongoze mimi.