Kambi ya Ngumi Nyuma ya Mashine ya Mpunga

Mimi shule niliishia kidato cha pili, ila ndoto zangu hazijaishia popote. Mpaka leo naliona kabisa jengo langu: ulingo wa kweli, kamba nyekundu, taa juu, na vijana wa Kahama wakipigiwa makofi. Kwa sasa ulingo wetu uko Nyasubi, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, chini ya mabati yanayovuja. Gunia la kupigia tumelijaza pumba. Ukilitandika sawasawa linakutemea vumbi usoni, unapiga chafya, wenzako wanakucheka.

Likizo ya mwezi wa sita nakusanya wanafunzi wa sekondari. Ukiwaacha tu, wavulana wanapandishwa pikipiki kwenda machimboni kushuka mashimoni, wasichana wanapelekwa hukohuko kupikia wachimbaji. Shule ikifunguliwa, wengine huwaoni tena. Kwa hiyo kwetu asubuhi ni kufagia, halafu hesabu, anayejua anatufundisha sote na mimi nikiwemo, halafu ngumi.

Sheria yangu wanaichukia: humrushii mwenzako ngumi mpaka ujue kukwepa.

"Kocha, tumekuja kupigana au kucheza kiduku?"

"Kiduku," nawajibu. "Haya, kiuno!"

Mwaka jana aliyewazidi wote kwa kukwepa alikuwa binti wa kidato cha tatu, mwembamba, wa kuchekacheka. Alitaka kuwa nesi. Nikamwuliza, nesi na ngumi wapi na wapi?

"Kocha, wagonjwa wengine wakorofi."

Basi siku moja akaja kaka yake. Ni mchimbaji wa upande wa Segese, kifua kama mlango, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Aliingia bila hodi, fimbo ya kuchungia ng'ombe mkononi.

"Vaa viatu. Pikipiki iko nje. Kambini tunataka mpishi."

"Shikamoo kaka," binti akasema. "Siendi. Rafiki yangu alikwenda kupika, akarudi na mtoto. Mimi nataka kurudi shule."

"Nimeshawaahidi wenzangu!"

Nikajiingiza katikati. "Kaka yangu, tuongee taratibu…" Ngumi ikanikuta mdomoni. Mwalimu wa kukwepa sikukwepa chochote! Jino likalegea, mdomo ukajaa damu ya moto. Ya pili ilitua sikioni, nikasikia kama mtu kawasha mashine ya mpunga ndani ya kichwa. Nilipoanguka akanikanyaga mbavu kwa buti lake la shimoni, akanikanyaga tena palepale, pumzi ikakata.

Kisha akamgeukia mdogo wake. Fimbo ilipiga mluzi. Binti akainama, ikagonga nguzo. Ya pili ilimpata begani, blauzi ikachanika na ngozi pamoja nayo. Hakulia. Alirudi nyuma kwa vidole vya miguu, mikono imeziba uso, kama kila asubuhi. Fimbo ikavunjika kwenye nguzo, jamaa akaanza kutupa ngumi. Moja ikapasua gunia, pumba zikammwagikia kichwani. Nyingine ikaingia kwenye chuma cha nguzo, vifundo vikachanika mpaka mfupa ukaonekana mweupe.

"Simama nikupige!" akafoka.

Nilikuwa chini natema damu, lakini hilo lilinichekesha, na mbavu zikaniadhibu kwa kucheka.

Ndipo binti akampa moja tu, chini ya mbavu. Kaka akajikunja, akapiga magoti, akatapika.

Ningependa kusema yaliishia hapo. Wanafunzi wenzake binti walikuwa wameniona nimelala na damu, na hasira ikawapanda wote kwa pamoja. Mmoja alishika chepe la kuzolea pumba, wengine mbao, wengine matofali. "Mmalizeni!" Tofali likampasua kaka kisogo. Mateke yakamwangukia kama mvua ya mawe. Watoto walewale waliokuwa wakibishana juu ya kipeo cha pili asubuhi! Nilijaribu kupiga kelele, sauti haikutoka.

Chepe likainuliwa.

"Yaya! Hapana! Ni kaka yangu huyu!" Kisukuma kilimtoka binti, akajitupa juu yake, akanyanyua mkono kukinga. Chepe lilitua. Tulisikia mfupa ukivunjika, kama kuni kavu.

Mwenye chepe alianza kulia kabla ya aliyevunjwa.

Kaka alijiburuta kutoka chini yake, damu imemziba jicho. Akavua fulana, akaipasua kwa meno, akatafuta vipande viwili vya mbao na kuufunga ule mkono. Alijua kufunga, mashimoni watu huvunjika.

"Mjinga wewe," akamwambia. "Si ungewaacha?"

"Halafu mama nimwambie nini?"

Kaka akakaza fundo, akajifuta jicho.

"Na wenzangu niwaambie nini?"

"Waambie wajipikie."

Kaka akaniinua mimi kwa mkono wake mzima, bila samahani wala nini, tukampeleka binti hospitali. Segese alirudi peke yake.

Shule ilipofunguliwa niliwaona barabarani, binti na plasta yake ngumu, na nyuma yake yule wa chepe akitoka jasho na mabegi mawili.

"Taratibu, bwana," binti anamwambia. "Mna maandazi humo!"